Uso wa Mabukwe

Bazilio alimfunika Abbasi shuka mpaka utosini, akafunga mikanda ya machela, akampigapiga begani kama anayemtakia safari njema, kisha akabamiza mlango wa nyuma wa ambulansi kwa kishindo cha mtu aliyemaliza kazi yake.

"Tayari, Sista."

Sista Firdausi, mwalimu wao, alikuwa mwanamke wa Ujiji, mwembamba, mwenye hijabu nyeupe na subira iliyokuwa ikipungua tangu Jumatatu. Alikuja Kasulu kuwafundisha madereva wa magari ya wagonjwa namna ya kumshika mgonjwa, kumbeba, na kumfikisha akiwa bado ni mgonjwa. Kabla ya hapo elimu yao ilikuwa mambo mawili tu: king'ora kinawashwa wapi, na dizeli anaiidhinisha nani.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" akauliza.

"Vizuri, Sista. Amelala."

"Umejuaje?"

Bazilio akautazama mlango, nao mlango haukumsaidia. Madereva wenzake waliokaa barazani wakaanza kukohoa vicheko.

"Fungua."

Mlango ulipofunguliwa, mkono wa Abbasi ulikuwa unaning'inia nje ya machela na ulimi umemlegea pembeni ya mdomo. Abbasi alikuwa dereva wa Kibondo, mtu wa kuchekesha watu mpaka msibani, kisha akakaribishwa na msiba mwingine.

"Nimekufa tangu pale kwenye kona," akasema bila kufumbua macho. "Nimeita mpaka nimechoka. Mpeni pole mke wangu Shamsia. Eda ikiisha aolewe, lakini asiolewe na huyu."

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Bazilio naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

"Ukiiziba dashibodi kwa kitambaa," Sista Firdausi akasema, "utajuaje injini inachemka?"

"Sitajua."

"Uso wa mgonjwa ndiyo dashibodi yako. Midomo, pua, jasho, rangi. Tazama njia, tazama kioo. Tazama njia, tazama kioo. Ukishaufunika huo uso, unaendesha jeneza."

"Lakini Sista, kwetu mtu mzima haachwi uso nje. Mama wa watu amezidiwa, mate yanamtoka, na barabara nzima inamkodolea macho? Ni aibu."

"Aibu sijaona ikiua mtu. Ulimi nimeuona." Akamgeuza Abbasi ubavu, akamkunja goti, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. "Aliyezimia akilala chali, ulimi unamwangukia kooni. Atakoroma. Nanyi mtasema, Mungu mkubwa, mgonjwa kapata usingizi. Hajapata usingizi, anakabwa. Na akinyamaza, msishangilie."

Mchana ule aliwawekea beseni la maji nyuma ya gari, kila mmoja aendeshe kuuzunguka mji, na atakayerudi na maji mengi ndiye dereva. Bazilio aliitwa Mwewe njia nzima ya Kagerankanda. Akipita yeye, ndizi zilianguka zenyewe kutoka kwenye baiskeli za watu. Alirudi na maji yasiyotosha kunawa uso.

"Mwewe," Abbasi akamwambia, akichungulia beseni, "tulikutuma uendeshe gari, wewe umelifua."

*

Jumamosi mafunzo yalisimama, Bazilio akarudi kwake Kagerankanda. Aliliegesha gari zahanati, mahali lilipozoea kulala, akatembea hadi nyumbani. Kabla ya kuingia uani akakohoa mara mbili, kwa sauti, kama mtu mwenye kifua kibovu.

Kikohozi hicho ndicho kilikuwa hodi yake kwa mabukwe. Mabukwe ni mkwe wa kike, na mkwe wa kike haangaliwi usoni, haitwi jina, haguswi hata ncha ya kidole. Bibi huyu, Mama Esteri kwa jina lake la ubatizo, alikuwa amehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, kwa sababu mwanawe wa kiume, Kipriani, aliyepaswa kumtunza, kila mara nyumba yake ilikuwa na wageni. Bazilio alimjengea chumba nyuma, akasimamisha ua wa matete katikati. Wakaishi hivyo, kiwanja kimoja, miaka. Siku polisi wangemuuliza mkwe wake anafananaje, Bazilio angeweza kueleza kisogo tu.

Alimkuta amekaa juani, amejitanda kitenge, ameupa mgomba uso na ua mgongo. Aline, mkewe, hakuwepo. Aline ndiye aliyekuwa mdomo wao. Maneno yote ya huku na huko yalipita kwake. Asipokuwepo, palikuwa na kuku.

"Ewe kuku," bibi akasema, "mwambie mwenye nyumba, mkewe kaenda kisimani."

"Ewe kuku, mwambie mabukwe nimesikia. Mwulize kama amekula."

"Mwambie chakula kina uchungu."

Kuku alikuwa anapekua maganda ya maharage, hana habari ya utume wake. Bazilio akasimama pale pale. Sauti ya bibi, kubwa siku zote, leo ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na katikati ya jua lile kitenge kilikuwa kinatetema.

"Ewe kuku, mwulize kichwa kinamuuma?"

"Mwambie kichwa ni cha mwenyewe. Akapumzike."

Aline aliporudi na ndoo kichwani alimkuta mumewe anazunguka jikoni kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Mama Odeta, mpeleke mama yako zahanati akapimwe."

"Nimemwambia tangu jana. Anasema ni homa ya kawaida, amemeza panado."

"Macho yake yakoje?"

"Yakoje vipi? Ni macho."

"Ya njano? Mekundu? Anakutazama vizuri?"

Aline akatua ndoo. "Baba Odeta, huko Kasulu wamewafundisha udereva au uganga? Kaka Kipriani anakuja kesho. Atamwamuru, ataenda."

Bazilio alilala vibaya. Aligeuka, akageuka tena, akisikiliza kikohozi cha ng'ambo ya matete. Hatua chache tu, na uso ule asingeweza kuuona hata kwa tochi.

*

Kipriani alifika Jumapili juu ya pikipiki, watu wakitoka kanisani, amevaa miwani myeusi iliyomwezesha kumtazama kila mtu bila kumtazama mtu. Kule Manyovu, mpakani, alikuwa anabadilisha faranga za Burundi, na kazi hiyo ilimpa saa kubwa ya mkononi na tabia ya kuongea kama anayehesabu. Alimletea mama yake kitenge kipya chenye tausi. Ushauri aliuleta kwa wote.

"Shemeji," akamwambia Bazilio, "hili ua la matete limelegea. Tundu lile pale, mtu akipita anamwona mama. Heshima iko wapi?"

"Nitaliziba, shemeji."

"Mimi ningekuwa naye kwangu ningejenga la matofali."

Bazilio alitaka kumuuliza hiyo "ningekuwa" inaanza lini, lakini kabla hajapata maneno ya adabu, ikasikika sauti ya Aline kutoka nyuma, akilia kwa kilugha: "Yoo mawe! Mama! Njooni!"

Bibi alikuwa ameanguka chini ya mgomba, mwili unakakamaa na kuruka. Bazilio alikimbia hadi kwenye ua, miguu ikakwama pale. Mkono ukashika tete, ukaliachia. Kipriani ndiye aliyeingia. Majirani wawili wakaja na ngobyi, ile machela ya kusukwa ya kubebea wagonjwa milimani, wakampandisha hadi zahanati huku Bazilio akitangulia mbele kwa mbali, uso ameuelekeza barabarani, kama anayewaonyesha njia wanayoijua kuliko yeye.

Muuguzi Kezia alipima, akachoma sindano, akamlaza bibi ubavu.

"Malaria imepanda kichwani. Apelekwe Kasulu sasa hivi. Mimi siwezi kuwasindikiza, nina mzazi ndani na kichwa cha mtoto kinaonekana. Mwacheni alale hivi hivi, ubavu. Mmenisikia?"

"Tumesikia," wote wakasema, na kutoka chumba cha ndani mzazi akapiga ukelele, Kezia akatoweka.

Wakampakia. Na hapo ndipo Kipriani alipoona lile tatizo ambalo muuguzi, kwa haraka zake, hakuliona: ambulansi ina kidirisha kati ya dereva na mgonjwa, na juu ya dereva kuna kioo. Mama amelala ubavu, magoti yamekunjwa, mdomo wazi, mate shavuni, na uso umeelekea kwa mkwe wake moja kwa moja.

"Aline, mlaze mama vizuri."

Aline akamgeuza mama yake chali, akamnyoosha miguu. Kipriani akakunjua kitenge cha tausi, akamfunika kuanzia vidoleni hadi utosini, akachomekea kingo chini ya godoro. Kazi safi.

Bazilio alisimama mlangoni. "Uso…" akasema.

"Uso wa nani?" Kipriani akavua miwani. "Wewe uso wa mama yangu unautakia nini?"

Majirani walikuwa wamesimama. Mzee mmoja wa kanisani alikuwa amesimama. Aline alimtazama mumewe kwa macho ya kusihi: usituaibishe hapa. Bazilio akafunga mlango, safari hii bila kishindo, akaenda mbele kukalia usukani.

*

Alitazama njia, akatazama kioo. Kwenye kioo palikuwa na tausi.

Mwanzoni tausi mmoja, yule wa usawa wa mdomo, alikuwa anapanda na kushuka. Bazilio akamshikilia huyo. Mvua za wiki ile zilikuwa zimechimba barabara, gari linayumba, na kila likiyumba alimpoteza tausi wake na kumpata tena.

"Kimbiza, shemeji! Wewe si ndiye Mwewe?" Kipriani akasema kwa nyuma.

Akakimbiza. Kijiji cha Makere kikapita upande mmoja, watu wakiruka kando na baiskeli zao. Ndipo kukasikika mkoromo. Ulikuwa mzito, wa kuburuza, kama gunia linalovutwa juu ya sakafu.

"Mungu ni mwema," Kipriani akasema. "Sindano imemshika. Mama kapata usingizi."

"Ego, ndiyo," Aline akaitikia, na pumzi ikamtoka. "Alale, maskini."

Jasho likamchuruzika Bazilio mgongoni. Hajapata usingizi. Aliisikia sauti ya Sista Firdausi kama vile amepanda kiti cha pembeni na hijabu yake. Akapunguza mwendo. Akaongeza. Akatazama kioo: kitenge kilikuwa kinafyonzwa ndani kwenye mdomo, kinaganda, kinaachiwa. Palikuwa na doa la unyevu pale, linapanuka.

"Aline, mfunue mama kidogo apate hewa."

"Endesha gari," Kipriani akasema.

"Mke wangu, nakuomba."

"Baba Odeta, si utamwona…"

Mkoromo ukakatika.

"Umeona?" Kipriani akasema kwa upole wa ushindi. "Ametulia sasa."

Tausi hakupanda. Hakushuka. Bazilio akakanyaga breki, gari likateleza kwenye tope na kusimama mshazari, akaruka nje akiacha mlango wazi na injini inanguruma.

"Wazimu umekupata? Kwa nini umesimama?" Kipriani akafoka mlango wa nyuma ulipofunguka. Akaweka mguu kuuziba. "Hupandi humu. Nitakupeleka mbele ya wazee, nakwambia, huyu ni mkweo!"

"Ndiyo, ni mkwe wangu! Wewe unataka awe marehemu wangu?"

Akamsukuma. Hakuwa amewahi kumsukuma mtu aliyevaa tai kwenye harusi yake. Akakishika kitenge mahali pa kichwa, na hapo mkono ukagoma. Ulikaa pale kwenye tausi, mkono wa mtu mzima aliyefundishwa na mama yake tangu utotoni kuiacha njia akimwona mkwe anakuja. Kisha akavuta.

Ulikuwa uso mdogo. Hilo ndilo lililomshtua kwanza, kwamba ulikuwa mdogo kuliko sauti yake, na una kovu kwenye nyusi zilizo kama za Aline. Midomo ilikuwa ya rangi ya jivu. Matapishi yalijaa mdomoni.

"Mama Esteri!" akaita, jina lenyewe, mbele ya watoto wake. "Mama Esteri!"

Kimya. Akamgeuza ubavu mzima mzima, akafuta mdomo kwa kona ya kitenge kipya, akaingiza vidole shavuni akatoa kilichokuwepo, akakiinamisha kichwa nyuma na kukiinua kidevu kwa vidole viwili. Aline alikuwa analia bila sauti. Barabarani vijana wa baiskeli za ndizi walikuwa wamesimama, na mmoja akasema, "Dereva anamkaba bibi." Bazilio alisikia. Akakishikilia kidevu.

Kikatokea kitu kama mlio wa mlango wenye kutu. Bibi akavuta pumzi moja ndefu, akakohoa, na vyote vilivyobaki tumboni vikamwagika juu ya shati la mkwe wake. Kisha pumzi nyingine. Kisha nyingine.

"Kipriani, njoo hapa. Shika kidevu hivi. Usikiachie hata nzi akikuingia jichoni. Aline, wewe tazama midomo; ikibadilika rangi, nipigie kelele."

Kipriani alipiga magoti kwenye matapishi, na saa yake, na suruali yake ya Jumapili. Akakishika kidevu cha mama yake kama anayeshika yai la mtu mwingine.

Bazilio akaondoa gari taratibu. Kila shimo alilizunguka, kila bonde aliliingia kwa kulibembeleza.

"Shemeji," Kipriani akasema baada ya muda, sauti imekuwa ndogo. "Ongeza basi kidogo."

"Maji yatamwagika."

"Maji gani?"

Bazilio alikuwa anatazama njia, anatazama kioo.

*

Bibi alizinduka hospitalini Kasulu baada ya dripu kadhaa, akauliza kwanza kitenge chake kipya kiko wapi. Lakini habari zilikuwa zimeshatangulia kurudi Kagerankanda kwa baiskeli, na kwa kuwa zilipanda milima mingi, zilifika zimenenepa: dereva amemvua mkwe nguo barabarani, dereva amempiga shemeji yake, dereva amelewa.

Bazilio alirejea kwenye mafunzo akiwa na shati la kuazima. Beseni lake safari hii lilirudi na maji. Sista Firdausi akalitazama, akamtazama yeye, akasema tu, "Afadhali." Abbasi hakuweza kuishia hapo.

"Mwewe, ni kweli umemshika mkwe kidevu? Angalia, kesho atakutaka umnyoe ndevu." Kisha akamvuta kando, akaacha utani. "Ndugu yangu, mimi ningeweza kweli? Sijui."

"Mimi pia sijui," Bazilio akasema. Na kweli hakujua. Hakuwa amekwenda wodini. Alikuwa akifika mpaka dirishani, anakohoa mara mbili, anamwachia Aline uji na kuondoka. Aline naye alikuwa akipokea uji huo huku akitazama chini.

Siku moja hakumwacha aondoke.

"Kaka amepiga simu. Anasema wazee wamekaa. Anataka mbuzi na pombe ya ndizi, ya kuosha aibu ya mama."

Bazilio akakuna shingo. "Mbuzi nitatafuta."

"Hutafuti." Aline alikuwa ameshika birika kama atakayelirusha. "Nimemwambia mbuzi amlete yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyefunika. Na mimi nitaleta pombe, kwa sababu mimi ndiye niliyemlaza chali, na nilikuwa nimesikia alivyosema Kezia. Nilisikia, Baba Odeta. Nikaona aibu." Akafuta pua kwa kiganja. "Wewe ukilipa, itakuwa sisi hatukufanya kitu."

"Na mama anasemaje?"

"Mama hasemi. Tangu nimsimulie, amegeukia ukuta."

*

Siku ya ruhusa, gari lilikuwa linarudi kituoni kwake Kagerankanda, hivyo bibi akarudi nalo. Alitoka wodini ameshikwa mkono na Aline. Bazilio alisimama ng'ambo ya gari, mgongo umewaelekea, anakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alisikia mlango ukifungwa. Akakohoa, akapanda, akawasha.

Nyuma, Aline alikuwa amekikunjua kitenge cha tausi. Kilikuwa kimefuliwa, ila doa moja lilikataa kutoka. Akakiinua kumfunika mama yake kichwa.

Mkono mkavu ukakisukuma chini.

"Mama, kioo kile…"

Bibi alijiweka sawa kwenye machela, ameegemea, kitenge amekifunga kifuani, uso nje, mzima, na kovu lake la nyusi. Aligeukia dirisha.

Bazilio aliukuta uso ule kwenye kioo bila kutafuta. Akayakimbiza macho barabarani, masikio yanamwaka. Gari likashuka bonde la kwanza, akalizunguka shimo. Mazoea mapya yakamvuta; akatazama kioo. Akatazama njia. Wakapita wauza mihogo, wakapita pale palipokuwa na alama ya tairi iliyoteleza kwenye tope, sasa limekauka na kuwa jiwe. Pale akatazama kioo mara mbili.

"Ewe gari," bibi akasema, sauti yake ile ile kubwa kuliko uso, akiwa bado ameelekea dirishani, "mwambie dereva wako atazame mbele. Mimi nipo."

Aline akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ewe gari," Bazilio akasema, "mwambie mabukwe nimesikia."

Akatazama mbele. Walipofika kwenye kona, akatazama kioo.